Nilivyokwenda Tunduma Kumrudisha Salome

Simu iliyoniondoa nyumbani ilipigwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayeuza maharage katika soko la Tunduma. Hakurefusha salamu. Alisema, "Shemeji, mimi si mtu wa umbea, ila mwanao Salome anaonekana kwenye foleni ya malori alfajiri. Tena si mara moja." Halafu akasema salio linaisha, simu ikakatika.

Msomaji ambaye hajafika Tunduma huenda asijue neno hilo lilivyonichoma. Pale ndipo malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanaposubiri kuvuka. Yanajipanga kando ya barabara kuu tangu nje ya mji hadi mpakani, na madereva hulala humo humo siku kadhaa. Mji mzima unaishi kwa foleni hiyo: mama wa chai, wabadilisha fedha, mawakala wa forodha, na wengine ambao baba wa binti wa miaka kumi na sita hapendi hata kuwataja. Shemeji hakusema zaidi. Yaliyobaki niliyajazia mwenyewe, na niliyajazia vibaya.

Salome alikuwa Tunduma kwa ridhaa yangu. Mwanzoni mwa mwaka mwanamke mmoja, Sekela, diwani wa zamani na sasa kocha wa timu ya wasichana, alimwona akicheza mpira wa miguu kwenye mashindano ya shule, akafunga safari mpaka kwetu Makambako kumwomba. Alisema angekaa nyumbani kwake, asome pale Tunduma, acheze timu yake. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikakubali kwa sababu mama yake alinisihi na mtoto alikuwa ameacha kula. Kwa hiyo simu ile ilipokuja, hasira yangu haikumpata Sekela peke yake. Mimi ni fundi seremala, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Niliacha kitanda cha mteja hakijapigwa msasa.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilipanda basi Makambako. Mke wangu alinifungia viazi vya kuchemsha akasema nirudi naye, basi. Sikula hata kimoja. Njia nzima hadi Mbeya nilikuwa natunga maneno ya kumwambia huyo Mheshimiwa, nikiyafuta na kuyatunga upya. Mbeya nilibadili gari, nikashuka mteremko wa Senjele nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, maana dereva wetu alikuwa na haraka kuliko mimi.

Mchana nilifika Vwawa, gari likaishia hapo. Nikaingia kwenye mgahawa jirani na stendi kunywa chai, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Meza moja na mimi alikaa mwanaume mnene, mchangamfu, aliyejitambulisha kwa jina la Joel. Aliniuliza natoka wapi na naenda wapi, nikamjibu. Nilipomtaja Sekela aliweka kikombe chini.

"Yule?" akasema. "Yule tunamjua tangu anakimbia peku kwenye barabara za kahawa huku Mbozi."

Akanipa habari zake, nyingine kwa kusifu na nyingine kwa kejeli. Sekela alizaliwa katika familia ya wakulima wa kahawa, si mbali na hapo Vwawa. Shuleni alikuwa akishinda mbio za mita mia nane asubuhi, anarusha mkuki mchana, jioni anacheza mpira wa pete, na wenzake wakawa wanagombea nafasi ya pili. Akachukuliwa na timu kubwa za mbali, huko akaongeza mpira wa mikono, akazunguka na timu nchi za watu mpaka goti lilipokataa. Aliporudi watu walimpa udiwani kwa shangwe. Kipindi kimoja tu, wakamchoka. "Mbishi," Joel alisema. "Sasa anakusanya watoto wa watu ili wamrudishie jina. Uchaguzi hauko mbali, baba."

Maneno hayo yaliniingia vizuri kwa sababu ndiyo niliyotaka kuyasikia. Nikafunguka. Nikamwambia kila kitu, mpaka nikasema kwamba Salome ni mtoto wa Makambako, kule Tunduma yuko matembezini tu, na kesho narudi naye. Joel alinisikiliza kwa upole mwingi. Akalipia na chai yangu. Nilimshukuru, nikaona kumbe bado kuna watu wazuri duniani.

Jioni niliingia Tunduma. Foleni ilianza mapema kuliko nilivyofikiri, lori nyuma ya lori, na katikati yake bodaboda zikipenya, utingo wakipika ugali kwenye majiko madogo ya gesi chini ya tela. Nilitazama kila msichana aliyepita. Nyumba ya Sekela niliipata kwa kuuliza mara moja tu. Watu walisema "kwa Mheshimiwa", wengine "kwa Kocha", na mwanamke mmoja Mzambia akasema "kwa Ba Kochi" huku akinisindikiza mpaka mlangoni.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo iliyojaa jezi, na kilichoishikilia katikati isiguse chini ni mkuki wa michezo, ule wa kurusha, umechomekwa ardhini. Salome alinikimbilia kwa furaha. Alipouona uso wangu alisimama, akapiga goti na kunisalimu, "Shikamoo baba," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujua kuna jambo.

Sekela alitoka jikoni akichechemea, mrefu, mabega mapana, kanga kiunoni. Alinikaribisha kiti. Nilikataa kukaa. Nikamwambia yale ambayo shemeji aliniambia, mbele ya mtoto, na sauti yangu ikawafikia majirani. Nilitegemea akane. Hakukana.

"Ni kweli, Baba Salome," alisema. "Alfajiri wako kwenye foleni. Nami niko nao. Mtoto ni wako, ukitaka kuondoka naye sasa hivi sikuzuii. Ila naomba kesho asubuhi uje uone kwa macho yako, halafu uamue."

Nilitaka kuondoka saa ile ile, lakini magari yalikuwa yamekwisha, na kwa shemeji yangu sikutamani kulala. Nililala sebuleni kwa Sekela nikiwa na viatu miguuni, eti nisionekane nimepokea ukaribisho. Usiku Salome alikohoa, nikaona mlango wa Sekela ameuacha wazi; nikajifanya sijaona.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, nilitembea nyuma ya wasichana kumi na sita mpaka barabarani. Nilichokiona ni hiki. Malori yamesimama mstari mmoja, injini zimezimwa. Kando yake, kati ya matairi na mfereji, kuna kinjia cha vumbi. Wasichana walijipanga kwenye lori moja, Sekela akapuliza filimbi, wakaondoka kwa kasi hadi lori la kumi, wakarudi wakitembea. Kisha tena. Kisha wakawa wanapinda kati ya tela na kichwa cha lori linalofuata, kushoto, kulia, kushoto, kama winga anavyowapita mabeki. Madereva walikuwa wametoa vichwa madirishani na miswaki mdomoni, wakihesabu kwa Kiswahili na Kibemba.

Nilimuuliza Sekela kwa nini awalete mahali pa hatari namna ile wakati nchi ina viwanja. Akanijibu bila kunitazama, macho yake yako kwa watoto, kwamba kiwanja walikuwa nacho. Kilikuwa katika kata yake. Alipokuwa diwani kulikuja wazo la kukifanya maegesho ya malori, yeye akasimama peke yake kwenye baraza kulipinga. Vijana wa kata walitaka kazi za maegesho, wafanyabiashara walitaka wateja. Kwenye kura za maoni wakamweka pembeni, na hata mwaka haukwisha kiwanja kikajaa matela. Alisema hawalaumu vijana wale, njaa haina mwenyewe.

"Uwanja wamewapa malori," alisema. "Basi nami nimeyafanya malori uwanja."

Mara mlio ukatoka mahali fulani mbele: pshhh, breki za upepo zikiachiwa. Sekela hakupuliza filimbi. Hakuhitaji. Wasichana wote, hata waliokuwa kati ya malori mawili, waliruka mfereji na kuganda upande wa pili, na Salome wangu aliruka wa kwanza. Ndipo lori la mbele likaanza kusogea, na la nyuma yake, na la nyuma yake, chuma kikigongana, vumbi likipanda. Mahali alipokuwa mwanangu punde tu palikuwa panapita tairi refu kumzidi kiuno.

Waliniambia baadaye kwamba hilo ndilo somo la kwanza la timu ile, kabla ya kugusa mpira: ukisikia breki zinapumua, wewe uko ng'ambo ya mfereji. Walikuwa wakijivuna nalo. Shaka yangu mbaya kuhusu binti yangu ilikwisha pale pale, na niliona haya kwa kuwa nayo. Lakini hofu ilibaki, na ilikuwa imeongezeka. Sikio la mtoto linaweza kukosea siku moja tu. Nikamwambia Sekela kwamba nimeona, nimeelewa, na bado Salome anaondoka.

Akatikisa kichwa kukubali. Akaomba kitu kimoja: siku ile walikuwa na mechi Saza, ya kutafuta nafasi ya kucheza fainali ya mkoa. Salome acheze, kisha wakati wa kurudi mimi na yeye tushuke Mbalizi, tupande gari la kwetu. Njia ilikuwa ni hiyo hiyo. Nikakubali. Salome alifungasha vitu vyake vyote, akaweka begi miguuni mwangu ndani ya Kosta, basi dogo lililokodiwa kwa safari, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Tulirudi njia niliyojia, tukapita Vwawa na Mlowo, na Mbalizi tukaacha lami. Kuanzia hapo barabara inateremka kuelekea bonde la Rukwa na joto linapanda kila kona. Sekela alikaa karibu nami. Nilimuuliza kama kweli anagombea tena. Akasema ndiyo, anagombea, na anajua watu wanasema timu ni kampeni. "Wasiseme kwa nini? Mimi mwenyewe huwa najiuliza." Kilichomshinda katika siasa, alisema, si ubishi wa watu. "Michezoni ukicheza rafu filimbi inalia hapo hapo. Kule barazani mtu anacheza rafu miaka mitano, na wewe uliyechezewa ndiye unayeambiwa hujui mchezo." Alicheka. Akasema timu ikitolewa leo, wazazi wengine nao watakuja kuchukua mabegi ya watoto wao kama mimi, na hataweza kuwaambia lolote.

Saza tulifika jua likiwa kali. Ni nchi ya dhahabu. Makarasha yanasaga mawe mchana kutwa na vumbi lake jeupe limekaa juu ya kila kitu, hata kwenye nyusi za watu. Wachimbaji walikuwa wameuzunguka uwanja, wengine bado wana tochi za kichwani, na kelele zao hazikuwa za kutukaribisha. Wasichana wetu walikuwa wanafunga njumu wakati kamisaa wa mchezo, mwalimu mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, alipotuita katikati. Pembeni yake alisimama meneja wa timu ya Saza.

Alikuwa Joel.

Hakuona haya. Alinipungia mkono kwa uchangamfu ule ule wa mgahawani, kisha akamgeukia kamisaa na kusema kwamba namba saba wa Tunduma si mkazi wa mkoa huu. Kanuni inataka mchezaji aishi ndani ya mkoa, na akiwa mtoto, aishi kwa ridhaa ya mzazi. Huyu ni mtoto wa Makambako, yuko Tunduma matembezini, na leo anarudishwa kwao. Timu iliyomsajili itolewe na kocha wake afungiwe. Kamisaa akamuuliza ushahidi uko wapi. Joel akaninyooshea kidole. "Baba yake huyu hapa. Aliniambia kwa kinywa chake. Na begi la mtoto nimeliona kwenye gari, mkaangalie."

Watu walianza kusogea. Wachimbaji waliingia ndani ya mstari, mmoja akasema waliodanganya wasiachwe waondoke, na sauti kadhaa zikamwunga mkono. Dereva wetu aliwasha gari. Wasichana wa Tunduma walikusanyika nyuma ya Sekela, na mmoja wao alikuwa analia. Salome hakulia. Alisimama na njumu moja mguuni na nyingine mkononi, akiangalia chini.

Kamisaa aliinua mkono mpaka kelele zikapungua. "Mzee," akaniambia, "mimi nakuuliza wewe tu. Mtoto wako anaishi wapi?"

Nilimtazama Sekela. Nilidhani ataniomba, hata kwa macho. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Baba Salome, sema lililo moyoni mwako. Mimi sikuombi kitu."

Ningejibu Makambako, mambo yangekwisha. Ningeondoka na mtoto saa ile, hakuna ambaye angenilaumu, na Salome mwenyewe angesema ni kanuni, si baba. Hilo ndilo lililonitisha: urahisi wake. Maneno niliyomwambia Joel yalikuwa ya mtu mwenye hasira, lakini yalikuwa yangu, na sasa yalikuwa yanakwenda kumvunja mwanamke aliyelala na mlango wazi ili amsikie mwanangu akikohoa. Hilo nililiona usiku kwa macho yangu na sikutaka kulikubali. Nilikumbuka pia tairi lile. Niliogopa, sisemi uongo, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Anaishi Tunduma," nikasema. "Anaishi kwa Kocha Sekela. Ni mimi niliyemweka pale. Huyu bwana nilimwambia maneno ya hasira, na hasira ya baba si makazi ya mtoto."

Joel alianza kusema habari ya begi. Kamisaa akamwambia mzazi amekwisha kujibu, atoke uwanjani, mpira uanze.

Mechi yenyewe sikuiona sawasawa, jasho liliniingia machoni. Najua Saza walitangulia, na uwanja mzima ukaruka. Najua kipindi cha pili Salome aliupokea mpira karibu na mstari, akapinda kushoto, kulia, kushoto, na mabeki wawili wakabaki wameelekea upande mwingine, akampasia mwenzake aliyefunga, ikawa sare. Penalti zilipopigwa nilikaa nyuma ya gari, nimeziba masikio. Dereva ndiye aliyekuja kuniambia tumeshinda, na kwamba wachimbaji wale wale walikuwa wanawapigia watoto makofi. Sekela nilimkuta amekaa chini kwenye vumbi, goti amelinyoosha, anapumua kwa mdomo. Hakunishukuru, wala sikutaka anishukuru.

Machweo tulifika Mbalizi, kwenye barabara kuu. Mkono wa kushoto ni Mbeya na kwetu, wa kulia ni Tunduma. Nilishuka. Nilipogeuka nilimwona Salome naye anashuka, begi begani, anawaaga wenzake mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Akaja kusimama mbele yangu.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, baba. Nilijua ulisema vile ili tusipigwe."

Mtoto alikuwa ameniona mwongo wa kheri, na alikuwa amenisamehe tayari, tena bila kinyongo. Nilichukua begi begani kwake, nikapanda ndani ya Kosta, nikaliweka juu ya kiti cha nyuma. Nikamwambia Sekela mbele ya wote kwamba kiwanja kitafutwe, hata cha kukodi kwa watu wa kanisa au shule, na kwamba akitaka magoli nitamletea ya mbao nzuri kwa mikono yangu. Akasema atatafuta, ila kesho asubuhi bado ni foleni, hataki kunidanganya. Nikasema nimesikia. Salome akanishika kiuno, akaficha uso kwenye koti langu, akapanda gari.

Niliporudi Makambako asubuhi yake mke wangu alitazama nyuma yangu, akaona sikuja na mtu. Nilimsimulia yote, kuanzia chai ya Vwawa mpaka Mbalizi, na sehemu ya tairi sikuificha. Nilichojifunza katika safari ile nilimwambia kama ninavyowaambia ninyi: mwanzoni mwa mwaka nilidhani nimemruhusu mtoto, kumbe nilikuwa nimemwazimisha tu, nikisubiri kosa la kwanza nimdai. Kuruhusu kwenyewe nilikufanya Saza, mbele ya watu wasionijua, huku naogopa.

Nilingoja anilaumu, na nilikuwa tayari. Badala yake akaniuliza kama Mheshimiwa anajua kuwa Salome akilala na soksi mbichi kifua kinambana.

Nikasema sikumwambia.

"Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi, unipe mimi niongee naye."

Nilipiga, nikampa simu. Alipoanza, "Habari za huko, dada, mimi ndiye mama yake Salome," nilitoka nje, nikainamia kile kitanda ambacho hakijapigwa msasa, nikalia.